Machen wa uzeeni hakuishiwa, alihama tu chumba

Dada yangu, swali lako nimelisoma mara mbili, acha nilifupishe ili na wengine wanaosoma tuwe pamoja. Unasema ulimsoma Arthur Machen, mwandishi wa hadithi za kutisha kutoka Wales, yule wa ujanani, The Great God Pan na The Three Impostors, ukalala taa inawaka, afu kwa hamu ukaenda kutafuta alichoandika baadaye, ukaanza na The Green Round ukaitupa katikati, ukajaribu zile za 1936 ukakuta wazee wamekaa wanapiga stori za mitaa ya London kurasa nenda kurasa rudi na hakuna kilichotokea. Unauliza mzee aliishiwa au wewe ndo hujui kumsoma. Na mwishoni ukaongeza kiswali kidogo, kama ni kweli jamaa alikuwa mchawi. Hicho cha uchawi ntakijibu mwisho.

Kwanza pole, maana umeingilia mlango mbaya kuliko yote. The Green Round ilitoka 1933 mzee akiwa na miaka 70, anahitaji hela, na yeye mwenyewe hakuwa anajivunia kile kitabu. Kinachoniuma ni kwamba wazo lake ni zuri mno. Kuna msomi mpweke anaitwa Hillyer, kichwa kimechoka, anaambiwa nenda pwani ya Wales ukapumzike, anaenda, na watu wa hotelini wanaanza kumwangalia vibaya kwa sababu kila anapopita wanamwona anafuatana na kakiumbe kadogo kabaya ka kutisha, ila yeye mwenyewe hakaoni! Wote wanaliona jini lako isipokuwa wewe. Sasa hebu fikiria hiyo ingekuwa hadithi fupi ya kurasa 20, si ingekuwa tunaikariri? Lakini kaivuta kama ubani wa kutafuna, kajaza nadharia na mizunguko mpaka hofu yote imepoa. Kwa hiyo kwenye hiyo moja hujakosea, uko sahihi.

Ila kuishiwa, hapana. Mi nimefundisha hadithi za aina hii miaka mingi na kila mwaka kuna mwanafunzi anakuja na malalamiko kama yako, na jibu langu limebaki lilelile: Machen wa baadaye hatishi kwa njia ya yule wa mwanzo, ukimsoma ukisubiria mwanamke ayeyuke kitandani utasubiri mpaka kunakucha. Alibadilisha chombo. Na chombo alichokipata, amini usiamini, alikipata kwenye kazi aliyoichukia kuliko zote maishani mwake, uandishi wa habari.

Kwa kifupi basi historia yake, maana bila hiyo sitaeleweka. Kazaliwa 1863 Caerleon, kamji ka Wales ambako zamani Warumi walikuwa na ngome ya jeshi, mpaka leo mabaki yao yako pale ardhini. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana wa parokia maskini, hela ya chuo kikuu haikupatikana, kijana akaenda London akaishi kwenye vyumba vya kupanga, mkate mkavu, chai ya kijani na tumbaku, akitafsiri vitabu vya Kifaransa na kuandika katalogi za vitabu vya elimu za siri kwa muuza vitabu mmoja. 1894 akatoa Pan, 1895 Impostors, na hapo ndipo jina lilipoanza kunuka na kunukia kwa pamoja. Bahati mbaya 1895 ndo mwaka ambao mwandishi Oscar Wilde alishtakiwa na kufungwa kwa mapenzi ya jinsia moja, wachapaji wakaogopa kila kitu chenye harufu ya kizazi kile, The Hill of Dreams aliyoimaliza 1897 ikakaa mpaka 1907. 1899 mke wake wa kwanza akafariki kwa kansa. Jamaa akaacha kuandika kwa muda, akawa mwigizaji, ndio, anazunguka na kundi la maigizo, akaoa tena, na 1910 akiwa na miaka 47 akaajiriwa gazeti la Evening News kama riporta.

Watu wengi wanaandika kwamba gazeti ndo lilimmaliza. Mi nabisha. Angalia Machen kijana alivyokuwa anafanya, hofu yake ina mwili, ina jiwe jeusi lenye maandishi, ina unga mweupe kwenye chupa, ina maiti, na sentensi zake zinavaa suti ya harusi. Sa chukua mtu huyo umpeleke miaka 11 kila siku anatumwa, nenda kaandike mazishi, nenda kamhoji fulani kuhusu kelele za barabarani, rudi na maneno mia tatu kabla ya saa fulani. Anajifunza nini? Anajifunza jinsi ushahidi unavyosikika. Jinsi shahidi anavyoyumba, jinsi mama mwenye nyumba anavyosema "mi sikuona ila dada yangu aliona", jinsi kahabari ka mistari minne chini ya ukurasa kanavyoweza kuwa na kitu kizito nyuma yake ambacho hakuna aliyefuatilia.

Na somo lenyewe kubwa lilimjia kwa ajali, Septemba 1914.

Hii stori hata kama unaijua nivumilie. Mwezi Agosti jeshi la Uingereza lilikuwa limerudi nyuma kutoka Mons, Ubelgiji, habari za kukatisha tamaa, na Machen alizisoma Jumapili moja gazetini zikamkaa moyoni. Tarehe 29 Septemba Evening News ikachapa kahadithi kake kafupi, The Bowmen. Askari mmoja yuko pale mstarini, Wajerumani wanakuja kwa maelfu, kifo kimeshafika, ghafla anakumbuka sahani za mgahawa mmoja wa London wa watu wasiokula nyama, zilikuwa zimeandikwa kwa Kilatini ombi kwa Mtakatifu George awasaidie Waingereza. Anayatamka yale maneno kimzaha tu. Anasikia kelele, anaona mstari wa watu wanaong'aa wenye pinde, ni wapiga mishale wa vita ya Agincourt ya 1415, na Wajerumani wanaanguka hawana hata jeraha. Mwisho unachekesha kidogo, wakubwa wa Ujerumani wanaamua kwamba adui katumia gesi ya sumu.

Basi. Kurasa chache, na Machen mwenyewe hakuiona kama kazi kubwa. Ila gazeti halikuandika popote kwamba ni hadithi ya kubuni, na jamaa aliiandika kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa, na hapo ndo moto ukawaka. Majarida ya mambo ya roho yakamwandikia kumuuliza vyanzo vyake. Majarida ya parokia yakaomba kuichapa tena. Kasisi mmoja aliomba aitoe kama kijitabu, na Machen aandike utangulizi akitaja mashahidi, Machen akamjibu hamna mashahidi bwana, nimeitunga, na yule kasisi akamjibu kwamba hapana, lazima atakuwa amekosea, tukio lenyewe ni la kweli, yeye kaongezea chumvi tu! Yani mtunzi anaambiwa hujatunga. Ikifika 1915 wapiga mishale wameshageuka malaika, na kuna watu wanaapa kwamba binamu ya rafiki yao, afisa, aliwaona kwa macho yake, ila jina la huyo afisa halipatikani. Wenye makundi ya familia kwenye simu mnaijua hii, ile meseji inayokuja "imesambazwa mara nyingi" na ukimuuliza shangazi katoa wapi anakasirika. Waswahili tunasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Hili lilikuwa halipo kabisa, na likaja, na likakaa mpaka leo, mpaka sasa kuna watu wanazungumzia Malaika wa Mons kama historia.

Machen alikasirika. Akatoa kitabu 1915 chenye hadithi hiyo na utangulizi mrefu wa kujieleza, alikana miaka na miaka, hakuna aliyemsikiliza. Ila msanii ndani yake aliona kitu. Miaka yote ile ya kuhangaika na nathari ya dhahabu, na kile kilichoaminiwa na nchi nzima ni kitu kikavu cha gazetini. Sijui kama alijiambia hivyo kwa maneno, mi naona kwenye kazi zilizofuata tu, maana kuanzia hapo msimulizi wake karibu kila mara ni riporta, au mzee anayekusanya tetesi, mtu anayesema "niliambiwa", "nilikuta kwenye gazeti la zamani", "sithibitishi". Na hofu inatokea kwenye mapengo ya kati.

Kito cha kipindi hicho ni The Great Return, 1915, na ndo kitabu nnachotaka uanze nacho, kifupi, unakimaliza jioni moja. Riporta anaona kahabari kadogo kuhusu mambo ya ajabu kwenye kamji ka pwani ya Wales kanakoitwa Llantrisant. Anaenda. Kwanza hakuna anayesema kitu, watu wanamzunguka, ila anagundua vitu vidogo vidogo. Kanisani kuna harufu ya ubani ambao parokia ile haiwezi hata kuununua. Wakulima wawili waliochukiana miaka wamepatana bila sababu. Usiku watu waliona baharini kitu kama waridi la moto. Kuna binti, Olwen, kifua kikuu kimemmaliza yuko siku za mwisho, usiku anatembelewa na watu watatu, asubuhi ni mzima. Polepole unaelewa kilichorudi Llantrisant, ni Kikombe Kitakatifu, kile ambacho hadithi za kale za Wales na Uingereza zinasema kina damu ya Yesu.

Sa utaniambia hiyo inatisha nini, si habari njema hiyo? Mi nilipoisoma mara ya kwanza niliiruka kwa sababu hiyohiyo, nikiwa kijana nataka mapepo, nikaona hii ni ya watu wa kanisani. Niliirudia baada ya miaka kama kumi na tano, nilikuwa nimekwama gesti siku mbili mvua imekata barabara, na nikaogopa kweli. Kwa sababu furaha ile inayowapata wale watu haina tofauti ya umbo na yale mabaya ya The White People, hadithi yake ya mwanzo, ambayo we unayapenda. Ni mlango uleule. Kitu cha upande wa pili kimepita kwenye maisha ya watu wanaouza samaki na kulipa kodi, bila kuomba ruhusa, na baadaye wanabaki hawajui waseme nini. Machen alishaandika 1902 kwenye kitabu cha nadharia yake, Hieroglyphics, kwamba fasihi ya kweli inapimwa kwa jambo moja, kama inamtoa mtu nje ya hali yake ya kawaida, ile hali ya kutekwa roho. Hakusema itoke kwa hofu lazima. Ujanani aliifikia kwa njia ya uovu kwa sababu, nadhani, uovu ni rahisi kuuandika. Kuandika heri ya kutisha ni kazi ya mtu mzima.

Na hata pale mwisho haachi kuwa riporta, anakupa na maelezo ya kisayansi, labda ni watu kuona njozi kwa pamoja, anakuachia hapo uhangaike.

The Terror, iliyotoka kama mfululizo gazetini 1916 na kitabu 1917, ni maarufu zaidi na utaipenda haraka zaidi, ila tahadhari nimwage mtama kidogo. Ni wakati wa vita, watu wanakufa vifo visivyoelezeka Wales na kwengineko, mtoto, familia, wafanyakazi wa viwanda vya silaha, na serikali inazuia magazeti kuandika, kwa hiyo kila kijiji kinadhani ni chenyewe tu. Hapo ndo uzoefu wa kazi unaonekana, hakuna mwandishi wa hofu wa wakati ule aliyeelewa kama yeye kwamba udhibiti wa habari wenyewe ni zimwi. Watu wanatunga nadharia, Wajerumani wamejificha chini ya ardhi, Wajerumani wana mionzi, na wewe msomaji unabebwa nazo. Kuna sehemu ya familia iliyozingirwa kwenye shamba lao, kisima kiko palepale nje na hawawezi kukifikia, wanakufa kwa kiu, sitasema nini kimewazingira. Kuna mti unaoonekana usiku mahali ambapo hakuna mti, una vitaa ndani yake. Hizo sehemu mbili peke yake zinatosha kumweka Machen wa vita sawa na Machen wa 1894. Mwisho lakini unalegea, anasimama na kuhubiri sababu, kwamba binadamu kaachia ufalme wake wa kiroho na viumbe wengine wamelijua hilo, na mi huwa natamani angemnyima riporta wake lile jibu kama alivyomnyima kwenye The Great Return.

Kuna fupi mbili za kipindi hicho usizipite, Out of the Earth na The Happy Children. Ya kwanza inawarudisha wale watu wadogo wa chini ya ardhi unaowapenda, ila safari hii wanapanda juu kwa sababu vita imewafurahisha, wamenusa chuki yetu. Ya pili riporta anafika mji wa pwani kaskazini mashariki mwa Uingereza, mji wa hadithini unaofanana sana na Whitby, siku za baada ya Krismasi 1915, anakuta watoto usiku wamevaa nyeupe wanaimba na kucheza barabarani, anashangaa wazazi wao wako wapi, afu anaanza kuona, huyu ana jeraha, yule ana magugu ya baharini kwenye nywele. Kumbuka mwaka ule meli ya abiria Lusitania ilikuwa imezamishwa na Wajerumani, karibu watu 1,200 walikufa, watoto wakiwemo, na siku yenyewe ni ile ya kukumbuka watoto wachanga waliouawa na Herode. Machen halii, hapaazi sauti, anasimama tu pembeni ya barabara anaangalia. Mi hii huwa siwezi kuisoma darasani kwa sauti.

Baada ya vita mambo yake yakawa kichekesho kichungu. 1921 alitoka gazetini baada ya kuandika tanzia ya Lord Alfred Douglas, mshairi aliyekuwa mpenzi wa Oscar Wilde, tena tanzia ya kumponda, wakati Douglas yuko hai anakula zake chakula. Douglas akashtaki akalipwa pauni 1,000. Na wakati huohuo Marekani wakamgundua, mwandishi Vincent Starrett akampigia debe, mchapishaji Knopf akaanza kuchapa vitabu vyake vya zamani upya, kwa miaka michache akawa mtu wa fasheni. Ila waliyemtaka ni Machen kijana, na matoleo ya mwanzo yakawa yanauzwa ghali na wafanyabiashara wakati mwenyewe hapati hata senti humo. 1924 alichapa kitabu kizima cha maoni mabaya ya wahakiki juu yake, Precious Balms, nakipenda sana kile kiburi. Mwaka 1929 akahamia Amersham nje ya London, 1932 serikali ikampa pensheni ndogo, na 1943 alipotimiza 80 waandishi wakubwa wakina T.S. Eliot na Bernard Shaw waliweka sahihi kwenye ombi la kumchangia. Alifariki Desemba 1947, miezi michache baada ya mke wake.

Hadithi ulizozikuta wewe ni za hapo katikati, mzee wa Amersham. Na hapa nakubaliana na nusu ya lalamiko lako. Mkusanyo wa The Children of the Pool, 1936, una hadithi sita na unaona kabisa nyingine zimeandikwa mbiombio. The Exalted Omega iruke tu kwa sasa. Out of the Picture ina mchoraji ambaye ndani ya picha zake kuna kaumbo kamepinda, na baadaye mtaani watu wanaanza kushambuliwa, wazo zuri, utekelezaji wa juujuu. The Bright Boy inaanza vizuri mno, kijana anapata kazi ya kumfundisha mtoto mwenye akili za kupita kiasi kwenye nyumba ya mbali, mshahara mnono kupita kawaida, wazazi wanachekacheka, kuna kitu hakikai sawa, na siri ikifunguka ndipo tatizo langu na Machen linapokuja. Huyu mzee toka ujanani anatumia mwili mfupi kama alama ya uovu. Kwenye kisa cha Black Seal ndani ya The Three Impostors, kwenye Green Round, kwenye hii. Ni uvivu na ni ubaguzi, na nadhani msomaji wa leo ana haki ya kufunga kitabu hapo. Sitamtetea.

Ila ndani ya mkusanyo huohuo kuna The Tree of Life, ambapo bwana mgonjwa anaendesha shamba la ukoo wake akiwa kitandani, anatoa amri, meneja anaandika, lipandwe hili, lijengwe lile, na ukijua ukweli wa lile shamba utakaa kimya muda. Haina pepo hata mmoja. Na Change, watu wa likizo ufukweni, mtoto mmoja anapotea na kurudi, na anayerudi... basi. Karatasi yenye irabu zimeandikwa kwa mpangilio wa ajabu, ndo ushahidi pekee. Hadithi yenyewe iliyoupa mkusanyo jina ni ya bwawa jeusi ambalo mtu akikaa karibu nalo anasikia sauti inayomtishia kwa kosa alilofanya ujanani, na ninavyoisoma mi, swali lake ni kama mahali panaweza kuchimba dhamira ya mtu kama tunavyochimba kisima.

Sasa N. Hii ndo uliyosema wazee wanapiga stori kurasa nenda rudi, na hii ndo sababu nimekaa kuandika lote hili, kwa sababu kwangu ni hadithi bora aliyoandika baada ya vita, na pengine ni bora kuliko Pan. Ilitoka 1936 kwenye The Cosy Room.

Ni kweli, wazee watatu wamekaa karibu na moto wanakunywa wanakumbushana London ya zamani, duka lile lilikuwa pale, mtaa ule ulivunjwa, Edgar Allan Poe alisoma shule Stoke Newington alipokuwa mtoto. Unachoka. Unatakiwa uchoke! Kwa sababu katikati ya uchovu huo mmoja anataja, kama kitu kidogo tu, kwamba binamu yake kasisi wa kijijini alifika Stoke Newington akaona bustani, Canon's Park, uzuri wake hauelezeki, miti, maji, maua. Wenzake wanashangaa, wanaijua ile sehemu, hakuna bustani. Mmoja, Arnold, anaamua kufuatilia, na anafuatilia kama riporta hasa, anaenda baa ya mtaani anakaa na wazee wa pale wanaobishana kila kitu, anapata kisa cha mgonjwa wa akili aliyetoroka akapanga chumba na kumwambia mtu aangalie dirishani. Afu anapata kitabu cha zamani cha kasisi mwingine, na humo kuna rafiki anayemsogeza mwandishi dirishani vilevile. Mashahidi watatu, hawajuani, miaka tofauti, mtaa mmoja. Hakuna aliyekufa. Hakuna damu.

Na mwishoni Arnold anawaza kwa sauti, kwamba huenda dunia zimeingiliana, zimelala moja ndani ya nyingine, na kama ni hivyo basi hata wao watatu hawana uhakika wamekaa wapi sasa hivi na wamezungukwa na nani. Ndo inaisha hapo. Nilipofika pale mara ya kwanza niligeuka kuangalia pazia. Ule mchoko wote wa majina ya mitaa ulikuwa unanijengea London ya kushikika, tofali kwa tofali, ili aje aniambie inapenyeka. Kijana wa 1894 asingeweza, asingekuwa na subira, angeweka zimwi bustanini. Kichwa chenyewe, N, mi nakichukua kuwa ile herufi ya posta ya London ya kaskazini, kitu kikavu kuliko vyote, kama kuita hadithi ya peponi kwa namba ya sanduku la barua.

Dadake N ni Opening the Door ya 1931, kasisi anafungua mlango wa nyuma wa bustani yake kule Canonbury, London, anatoka dakika moja, anarudi, wiki sita zimepita. Anayesimulia ni riporta aliyetumwa kumhoji kwa sababu alikuwa ameandika barua gazetini kuhusu magari. Nimekwambia kazi aliyoichukia ndo ilimlisha.

Kwa hiyo ukirudi tena usirudi kwa mpangilio wa miaka. The Great Return kwanza, afu The Happy Children, afu The Terror wikiendi, hizo za wakati wa vita zinapatikana bure mtandaoni bila wizi wowote. Ukitaka daraja la kukuvusha kutoka Machen unayempenda, soma A Fragment of Life, ya 1904, karani wa benki na mke wake wanajadili kurasa nzima kununua fanicha ya chumba cha wageni, na polepole kitu kinaanza kumwamsha karani, hiyo ni mbegu ya yote. Opening the Door na Change zifuate. N iweke ya mwisho na uisome taratibu, tena usiruke yale majina ya mitaa.

Kuhusu uchawi. Alijiunga na Golden Dawn, kile chama cha siri cha London chenye majoho na vyeo, ndiyo, 1899 baada ya kufiwa na mke, rafiki yake A.E. Waite, mwandishi wa mambo ya elimu za siri, alikuwa humo. Hakukaa na kuwa mkubwa wa chochote, alibaki Mwanglikana wa ubani na misa mpaka anakufa, na alipokuja kuandika kumbukumbu zake alikibatiza kile chama jina la bandia na kusema hakikummulikia chochote njiani.